Mwaka wa Kuanika na Kuanua

Jana ilikuwa arobaini ya shangazi yangu, Bi Mwanasha, na nimerudi kwangu Kisauni na kopo la embe karibu vile vile nilivyoondoka nalo. Nimeudhika, wala sioni haya kusema. Embe zile nimezimenya mwenyewe, nimezikata mwenyewe, nimezitia chumvi kwa mkono wangu, nikazianika juu ya banda langu la jikoni wiki nzima nikigombana na kunguru, kwa sababu hitma ya Bi Mwanasha bila ya embe kavu ingekuwa ni kumdharau marehemu. Na watu wamesifu, si kwamba hawakusifu. Kila aliyetia mkono alisema tamu, mashaallah, mkono wa marehemu huu huu. Kisha? Kipande kimoja kimoja, watu wanatafuna polepole huku wanatazama mlangoni, kopo linasogezwa kwa mwengine. Mtu anayesifu chakula na papo hapo anakikimbia mimi simwelewi. Binti yangu Salma peke yake ndiye aliyekula viwili, akavisindikiza na maji gilasi mbili. Huyu Salma tangu mwaka jana hanipi nafasi ya kupumua, nihamie kwake Chaani, chumba kipo, sifai kukaa peke yangu. Mimi mwenyewe sikuonja. Nina sukari, na embe zetu humalizwa kwa sukari na pilipili, basi daktari kanipiga marufuku. Nimeliweka kopo mezani, nimejipikia majani ya kunde, nayo yamekaa motoni mpaka gesi inataka kuisha hayataki kulainika. Kunde za sokoni siku hizi si kunde, ni ngozi. Nimekula hivyo hivyo kwa hasira, na katika kutafuna huko ndipo ukanirudia ule mwaka wangu wa Jomvu Kuu.

Nilikuwa nimemaliza shule na nimepata nafasi ya chuo cha ualimu. Barua iko mkononi, sanduku liko chini ya kitanda, bado kuondoka tu. Baba akaniita, akaniambia nikae kwanza kwa shangazi, kwa sababu ameanza kuwa mtu mzima na yuko peke yake. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka atakapokubali kuja kukaa nasi Kisauni, na siku atakayohama yeye ndiyo siku nitakayokwenda chuo mimi. Chuo kilikubali kuniwekea nafasi mwaka mmoja, hakikukubali zaidi. Sasa fikiria mtu wa umri ule kuambiwa hivyo. Bi Mwanasha alikuwa dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea, na alikuwa ameshasema mara zisizo na idadi kwamba atatoka nyumba ile akiwa amelazwa juu ya jeneza. Kwa hivyo mimi, ili niwe mwalimu, ilikuwa lazima nimngoje shangazi yangu ashindwe. Nilibeba sanduku langu nikaingia Jomvu Kuu nimenuna, na nikanuna karibu mwaka mzima.

Nyumba yake ilikuwa ya zamani, vyumba viwili vya kulala, ukumbi mrefu wenye kiza, na nyuma ua wenye banda la jikoni ambalo paa lake la mabati lilikuwa chini kiasi cha mtu kulifikia kwa ngazi fupi. Paa lile ndilo lililokula ujana wangu. Bi Mwanasha alikuwa hawezi kuona kitu kinachokulika akakiacha kiwe kibichi. Embe, ndizi, bamia, biringani, nyanya, majani ya kunde, ndimu, hata maganda ya machungwa, vyote alivikata akavianika. Ukumbini huwezi kupita bila ya kuinama, bamia zimetungwa kwenye uzi kama tasbihi zinakugusa kichwa. Chini ya kitanda changu kulikuwa na makopo, na chini ya kitanda chake makopo, na ukifungua kabati utoe shuka inatoka na harufu ya nyanya kavu. Ukimuuliza ni ya nini yote haya, sisi ni watu wawili, anakwambia msimu hauna ahadi na mtu. Ukimwambia soko liko Changamwe, si mbali, anakuuliza sokoni wanalala na embe mwezi wa kiangazi? Basi unanyamaza, unachukua kisu.

Kazi yenyewe haina maana yoyote ya kumfanya mtu ajione ana akili. Unamenya embe mbichi, unakata vipande virefu, vinalala kwenye maji ya chumvi, asubuhi unavichuja, unavipandisha juu ya paa kwenye nyungo, unavifunika chandarua. Jua likipanda unapanda nawe kuvigeuza. Kunguru wanakaa kwenye mnazi wa jirani wanakutazama, wanajua saa yako ya chai, na ukitia mguu ndani tu unasikia kucha zao juu ya mabati. Wingu likipita unaitwa: "Rukia, anua!" Unakimbia, unashusha nyungo zote ndani. Wingu linakwenda zake, mvua haikunyesha hata tone, unaitwa tena: anika. Siku moja nilianika na kuanua mpaka nikakaa kwenye ngazi nikalia, na Bi Mwanasha akatoka akasimama chini yangu, akaniuliza kama zile embe za upande wa msikiti nimezigeuza.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa jengine. Kwa Bi Mwanasha kulikuwa na sheria, naye aliipokea kwa mamake: kilichoanikwa kimeonwa, na kilichoonwa kina haki ya macho yaliyokiona. Kitu ukikila ndani ni chako. Ukishakitandaza juu ya paa, kila apitaye njiani amekiona, pengine amekitamani, na ukimnyima jicho lake litabaki kwenye chakula chako. Kwa hivyo kila mara embe zikikauka, kabla hata kipande kimoja hakijaingia koponi, zinatolewa sahani. Sahani ya nyumba ya mbele, sahani ya nyumba ya nyuma, sahani ya maalimu wa madrasa, ya wavuvi wanaopita kwenda mtoni, ya Mama Akinyi, mke wa mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka bara na kupanga vyumba vya jirani. Mie ndiye mpelekaji. Nakata mie, naanika mie, nafukuza kunguru mie, kisha nachukua sahani naizungusha Jomvu nzima napewa salamu za shukrani nimrudishie shangazi. Siku moja nilimwambia kunguru nao wameona, tuwapelekee sahani yao. Akaniambia wao wameshajipakulia.

Na jambo moja hakuniachia hata siku moja, kutia chumvi. Alisema mkono wa chumvi ni mmoja, mikono ikiwa miwili kitu huoza. Rafuni jikoni palikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga, sawa kwa sawa, yameshapata kutu kiasi cha picha ya ng'ombe kufutika. Moja la chumvi ya mawe ya embe, na moja la magadi ya kulainisha kunde. Hayo yalikuwa yake, na mimi nikinyosha mkono rafuni naambiwa niondoke.

Sikukaa mwezi nikajua kwamba Bi Mwanasha haoni. Si kwamba alikuwa kipofu kabisa. Alikuwa akiona mwangaza na kivuli, mlango na dirisha, lakini ule weupe uliokuwa umeingia kwenye mboni zake ulikuwa umemfunika kila kitu chembamba. Alikuwa hodari wa kuficha, wallahi, ungempa cheo. Akimimina chai, ncha ya kidole iko ndani ya kikombe kusikia ilipofika. Mtu akipiga hodi, anammiminia maneno mengi ya kheri mpaka yule aseme neno amjue kwa sauti. Akitaka kujua kama kuna wingu haulizi kama mtu asiyeona. Ananiuliza mimi kana kwamba ananitahini, "Rukia, hebu niambie mbinguni kuna nini," na mimi nikichelewa kujibu ananisuta kwamba vijana wa leo hawatazami juu. Tena baada ya muda majani ya kunde yakaanza kuja mezani magumu, yana chumvi, hayatafuniki. Akamlaumu yule mama wa Kirabai anayetuletea, akasema siku hizi wanauza majani ya kuzeeka. Nami nikatafuna, sikusema kitu. Kwa nini nisiseme? Kwa sababu kwetu mtoto hamwambii shangazi yake huoni. Na kwa sababu, tuseme kweli, nilikuwa nangoja. Baba alikuwa ameahidi kuja baada ya Idi kuamua mambo. Nilijua akija atayaona kwa macho yake. Nilikuwa namwombea shangazi ajikwae mbele ya baba, asiumie, ajikwae tu, nami nifunge sanduku langu.

Ule msimu mkubwa wa embe ulipofika tulianika kama wenye wazimu. Kundi la kwanza la embe likanishangaza. Ile asubuhi nilipokuwa nachuja, maji yake yalikuwa na povu, na zilipokauka zilikuwa zimepiga weusi. Nikamwambia Bi Mwanasha, akasema jua la mwaka huu lina ukali, na embe za mti ule zina utomvu. Sikuonja. Ilikuwa imefika hali ambayo hata ukinilipa nisingetia embe mdomoni, harufu yake tu ilikuwa inanipandisha kichefuchefu. Zikatiwa sukari na pilipili, na kwa kuwa shangazi mwenyewe haonji kabla watu hawajapata haki yao, zikatolewa sahani, nikazungusha kama kawaida. Watu wakapokea. Kesho yake wakarudisha sahani zimeoshwa, kila mmoja na salamu zake: mwambie Bi Mwanasha tamu, mwambie mkono haujafa, mwambie Mungu amzidishie. Nikazifikisha salamu zote, na shangazi akazipokea akiwa amekaa mkekani, ametulia kama bibi harusi.

Baba alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala. Alivua viatu, akampa dadake shikamoo, akakaa ukumbini chini ya zile bamia. Mimi nimesimama mlangoni sibanduki, kwa kuwa muhula wa chuo ulikuwa umekaribia na najua siku ile ndiyo ya kukata shauri. Bi Mwanasha akatoka jikoni bila kupapasa ukuta, kwa kuwa nyumba ile miguu yake ilikuwa inaijua, akamuwekea baba sahani ya embe mbele yake sawasawa. Baba akachukua kipande akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili, taya likasimama. Nikamwona. Akanitazama mimi, akamtazama dadake, kisha akameza, kwa shida, koo lake nikaliona linapanda na kushuka. Akasema tamu, dada, mkono wako ni ule ule. Na akachukua kipande cha pili.

Nikasogea, nikachukua kipande kwenye sahani, nikatia mdomoni. Sabuni. Ladha ya sabuni ya kufulia iliyochanganywa na pilipili. Ni magadi yale, makopo yamebadilishana nafasi rafuni, kunde zimepikwa kwa chumvi na embe zimelala kwenye magadi. Na baba anatafuna. Akamuuliza dadake hali, akamuuliza afya, akazunguka zunguka, mwisho akamuuliza macho. Bi Mwanasha akajibu mazima, alhamdulillahi. Baba akavuta pumzi, akachukua kipande cha tatu, akasema basi ikiwa ni hivyo hakuna haja ya kukutoa kwako, Rukia ataendelea kukaa nawe.

Hapo ndipo nilipopasuka. Mwaka mzima wa ngazi na nyungo na kunguru ulinipanda kichwani. Nilijua nikinyamaza hapo, chuo kimekwenda, na nitaolewa nikiwa juu ya lile paa.

"Baba, hizi embe zina magadi, na wewe unajua," nikasema. "Shangazi haoni."

Baba akanikemea, akaniita jina langu lote, akaniamrisha niombe radhi. Bi Mwanasha akamnyoshea mkono anyamaze. Akachukua kipande kwenye sahani, akakinusa, akakiuma kidogo kwa meno ya mbele, akakirudisha.

"Kumbe ndicho kitu nilichowapelekea watu," akasema. Kisha akanigeukia, upande wangu hasa, kwa sababu alikuwa ameshajua nimesimama wapi. "Wewe umejua lini kuwa sioni?"

Nikamwambia tangu mwezi wa kwanza niliokuja. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nilidhani atasema mwenyewe.

"Niseme, ili mnibebe Kisauni kama kabati?"

Baba akaanza kulia. Sijawahi kumwona baba yangu akilia kabla ya siku ile, na nilitamani ardhi inimeze, lakini hasira zangu zilikuwa bado. Nikauliza, na nyumba zote zile nilizozungusha sahani? Wamekula wote? Bi Mwanasha akaanza kuzitaja kwa vidole, nyumba ya mbele, nyumba ya nyuma, maalimu, wavuvi, na kila akitaja moja nakumbuka salamu zao nilizozileta kwa mdomo wangu: tamu, tamu sana, Mungu amzidishie. Mtaa mzima umekula magadi na mtaa mzima umerudisha sahani safi. Alipofika kwa maalimu, ambaye alikuwa ameomba kuongezewa, Bi Mwanasha alishikwa na kicheko mpaka akajilaza mkekani, machozi yanamtoka kwenye yale macho meupe. Sikuona cha kuchekesha. Nilitoka nikaenda kwa Mama Akinyi, kwa sababu watu wa bara huwa wanasema mambo wazi, nikamuuliza yeye kwa nini hakusema. Akanitazama kwa huruma, akanijibu, "Mimi nilidhani ndivyo Waswahili mnakula."

Shauri likakatwa jioni ile, wala si baba aliyelikata. Bi Mwanasha alisema atakwenda kwa daktari wa macho, na atakubali kukatwa, kwa sharti moja, kwamba siku ya kutoka hospitali anarudishwa kwake, si kwa mtu. Akasema pia Rukia aende chuo, kwa sababu ndiye peke yake aliyekula chakula chake akasema kweli, na mtu wa namna hiyo watoto wa watu wanamhitaji. Baba akakubali yote mawili. Daktari alimtengeneza jicho la kulia kwanza. Nilikuwepo Jomvu siku alipofunguliwa kitambaa, nimekaa naye nikitarajia, sijui, labda atanishika uso aniambie nimekua. Alinitazama, akasema nimekonda. Kisha akaomba aletewe ungo, akainamia zile embe nilizokata juzi yake, akakigeuza kipande kimoja, akakigeuza chengine. Akaniuliza, vipande hivi ndivyo nilivyokuwa nikikata mwaka mzima? Huku kinene, huku kama karatasi, vitakaukaje pamoja? Nikamwambia ashukuru alikuwa haoni. Akafunga kipande cha kaniki kwenye kopo la magadi ili jambo lile lisitokee tena, na akakaa kwenye nyumba ile, peke yake, akaanika na kuanua na kugawa mpaka mwezi uliopita, alipotoka kama alivyokuwa amesema atatoka.

Wakati wa kugawana vyombo, wanawake waliniuliza nataka nini. Nikasema yale makopo mawili tu. Nimeyaleta hapa Kisauni, nimeyasugua, nikatia chumvi kwenye moja na magadi kwenye lile jengine. Ile kaniki ilikuwa imeshaoza na imeingia mafuta ya miaka, nikaifungua nikaitupa. Mimi si Bi Mwanasha, nikasema. Mimi naona.

Sasa nimefika hapa, sahani ya kunde iko mbele yangu, nimeila nusu. Mkono umesimama. Nimelitazama lile kopo la embe lililorudi limejaa. Nimewakumbuka wale watu jana, wanatafuna wanatazama mlangoni. Nimelifungua. Embe zimepiga weusi, au mimi ndiye ninayeziona nyeusi, sijui, kwa taa hii kila kitu kina ukungu, na taa yenyewe nimeibadilisha mara mbili mwaka huu nikimlaumu muuza duka. Sukari na isamehe. Nimechukua kipande nikauma kwa meno ya mbele.

Lo. Sabuni ile ile. Watu wazima wote wale. Jamaa, majirani, watu niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyesema.

Nimempigia Salma simu. Ameitika, "Abee, mama." Nimemuuliza embe za jana zilikuwaje. Akasema tamu, mama. Nikamwambia namuuliza mara ya pili, na mara hii anijibu kama mtu mwenye ulimi. Nikamsikia anavuta pumzi, na nikajua anatafuta namna ya kuanza habari za Chaani na kile chumba. Sikumwachia afike. Nikamwambia asubuhi aje anichukue anipeleke kwa daktari wa macho, tukitoka huko anirudishe hapa hapa kwangu, na akija apitie dukani, aniletee chumvi.